Msaada katika Fumbo la Gazeti

Katika gazeti la kila siku mna habari za vita, za bei ya mahindi, za watawala na za michezo. Na katika ukurasa mmoja wa ndani, aghalabu karibu na picha za kuchekesha, mna mraba mdogo wenye visanduku vyeupe na vyeusi. Wahakiki wa fasihi hupita penye mraba huo bila kugeuza shingo. Hupima ushairi, riwaya na tamthilia. Fumbo la maneno hulidhania kuwa mchezo wa mtu aliyekosa kazi. Lakini fumbo hilo lina mtungaji, lina lugha, lina kanuni, na lina msomaji atakaye kufika mwisho wake. Kila kitu chenye mambo hayo manne chastahili kupimwa. Nia ya insha hii ni kulipima fumbo la gazeti, na hasa kulipima jambo moja ambalo hapana mfumbuzi asiyelijua, yaani kuomba msaada. Je, mtu asaidiwaye kuujaza mraba ameujaza yeye? Na kama si yeye aliyeujaza, amepoteza nini?

Fumbo la namna hii halina umri mkubwa. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mtu aliyezaliwa Liverpool katika Uingereza, kisha akahamia Marekani. Lilitokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na umbo lake lilikuwa la almasi, wala si la mraba tuujuao. Kwa miaka kumi hivi halikuwa na sifa kubwa. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu kizima cha mafumbo hayo, kikiwa na penseli iliyofungiwa humo, na watu wa miji mikubwa wakashikwa na shauku isiyo kifani. Treni za kampuni ya Baltimore & Ohio ziliwekewa kamusi ili abiria wapate kutafuta maneno njiani. Maktaba zililalamika kwamba wafumbuzi walizikalia kamusi hata wanafunzi wakakosa nafasi. Mwaka huo huo fumbo lilivuka bahari likaingia katika gazeti la Sunday Express la London. Na tarehe 1 Februari 1930 hata gazeti la The Times, lililojiona kuwa mzee wa magazeti yote, lilikubali kulichapisha.

Litazame jambo hili kwa makini, msomaji. Kamusi zilizowekwa katika treni zilikuwa msaada. Fumbo na msaada wake viliota pamoja kama mhindi na maharage yapandwayo katika shimo moja. Asemaye kwamba zamani watu walifumbua kwa akili zao tupu, na kwamba kuomba msaada ni udhaifu wa kizazi cha leo, hajasoma historia. Swali basi si kama msaada uwepo au usiwepo. Swali ni msaada upi humwongezea mtu, na upi humpunguzia.

Tuanze na muundo wa fumbo lenyewe. Maneno mengine hujazwa mlalo, mengine wima, na pale yanapokutana hushirikiana herufi moja. Kwa sababu hiyo kila neno lililopatikana ni msaada kwa neno lisilopatikana. Mtu akwamaye katika namba 7 mlalo hana haja ya kukata tamaa. Atashuka namba 3 wima na namba 5 wima, na atakaporudi atakuta herufi mbili zimekwisha kumfungulia mlango. Huu ndio msaada wa kwanza, nao mtungaji ameutia ndani ya kazi yake kwa makusudi. Mraba mzuri ni ule ambao mfumbuzi mwenye subira hujisaidia mwenyewe kwa kile alichokwisha kukijua. Mraba mbaya ni ule ambao pembe moja imetengwa na nyingine, hata mtu akijua nusu nzima ya kulia, ile nusu ya kushoto haipati faida yoyote.

Katika lugha ya Kiswahili msaada huu una tabia ya pekee, na watungaji wetu wengi hawaufikirii vya kutosha. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na konsonanti na irabu hufuatana kwa zamu kama miguu ya mtu atembeaye. Katika miraba ya namna ya Kiingereza, aghalabu herufi moja hukutana na neno jingine, ya pili hukaa peke yake, ya tatu hukutana tena, na kuendelea. Zamu mbili hizi zikilingana, hutokea jambo ambalo Mwingereza hakulijua: neno la Kiswahili laweza kusaidiwa katika irabu zake zote na lisisaidiwe katika konsonanti hata moja. Tuseme jibu lina herufi sita, na mfumbuzi amekwisha kupata ya pili, ya nne na ya sita, nazo ni I, A na U. Aweza kuandika kitabu, aweza kuandika kikapu, aweza kuandika hijabu. Maneno hayo matatu hayana udugu. Moja ni la msomaji, moja la mkulima, moja la mwanamke ajisitiriye. Lakini akipewa ya kwanza, ya tatu na ya tano, nazo ni K, T na B, ataona kitabu, katibu na katiba, maneno ya ukoo mmoja yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu lihusulo kuandika. Irabu humletea wageni watatu wasiojuana. Konsonanti humletea ndugu watatu, na akili yake mara moja hujua inatafuta katika nyumba gani. Mtungaji wa Kiswahili aujuaye wajibu wake hutengeneza mraba ambao makutano yake huangukia konsonanti na irabu kwa kuchanganya. Asiyeujua huiga mraba wa wageni, kisha hushangaa kuwa wasomaji wake wanapiga hodi kila mahali kutafuta majibu.

Baada ya mraba huja madokezo. Mwaka 1966 D. S. Macnutt, mwalimu Mwingereza aliyetunga mafumbo kwa jina la Ximenes, alitoa kitabu juu ya sanaa hii. Fundisho lake laweza kuelezwa kwa maneno machache: dokezo la fumbo gumu liwe na maana halisi ya jibu, liwe na njia ya pili ya haki ya kulifikia jibu hilo, na lisiwe na kitu kingine zaidi. Mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji njia, lakini hana ruhusa ya kumdanganya. Msomaji akilijua jibu, sharti aseme, "Naam, liliandikwa pale, nami sikuliona." Asiposema hivyo, kosa ni la mtungaji.

Kiswahili ni shamba lenye rutuba kwa kazi hiyo. Neno mto ni la maji na ni la kitandani, kwa hiyo yaweza kutungwa hivi: "Kichwa hulala juu yake, samaki hulala ndani yake, herufi 3." Hapo maana zote mbili zimetajwa, na hapana neno lililozidi. Watu wa pwani tangu zamani wana kinyume, lugha ya siri ambayo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele ili asiyehusika asielewe. Kwa njia hiyo mali huwa lima. Dokezo lake laweza kuwa: "Pindua mali, ushike jembe, herufi 4." Mtu wa Uasin Gishu alionaye jibu hilo hatacheka tu, atakubali kwamba lugha yake imeficha ndani ya neno moja ushauri ambao baba yake alimpa kila msimu wa mvua. Fumbo likifika hapo limekwisha kuvuka mpaka wa mchezo na kuingia katika fasihi.

Linganisha na dokezo hili: "Mnyama, herufi 4." Fisi, chui, paka, kima na pofu wote wanaingia, na hapana hata mmoja mwenye haki zaidi ya mwenzake. Dokezo la namna hiyo halipimi akili wala elimu. Hupima bahati. Aidha wako watungaji wasiojali umoja na wingi, dokezo likauliza viti na jibu likawa kiti. Wako wachukuao mzizi wa kitendo bila kiambishi mahali pamoja, na mahali pengine wakakitia kiambishi, bila kumwambia msomaji. Na wako ambao leo huipa ng' ya ng'ombe visanduku viwili, kesho vitatu. Msomaji aombaye msaada mbele ya fumbo lililotungwa hivyo hana lawama. Ni sawa na mtu aulizaye njia mahali ambapo aliyeweka kibao amekielekeza porini.

Hata hivyo fumbo la gazeti si mgeni kamili kwetu. Kabla ya mraba wa Wynne, Waswahili walikuwa na vitendawili, na Wakalenjin wa Uasin Gishu nao walikuwa na vyao, vilivyotegwa jioni watoto wakisubiri chakula. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alikuwa bingwa wa mafumbo na majibizano. Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walilifanya uwanja wa kuulizana na kujibizana. Mtu aliweza kufumba Tanga na kufumbuliwa mahali pengine majuma kadhaa baadaye. Kwa hiyo wazo la kwamba karatasi yaweza kubeba fumbo na kulipeleka kwa mtu usiyemjua lilikuwa na mizizi katika ardhi hii.

Na katika vitendawili mna sheria ya msaada iliyo bora kuliko zote nizijuazo. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nao wasikilizaji hujibu, "Tega!" Akisha kutega, wenziwe hujaribu. Wakishindwa hawapewi jibu bure. Mtegaji hudai, "Nipeni mji!" Nao humpa mji, pengine Mombasa, pengine Unguja, pengine mji mwingine wa fahari. Yeye huupokea, hueleza jinsi alivyokwenda katika mji ule, alivyolakiwa, alivyokula na kunywa. Kisha ndipo hulitoa jibu. Desturi hiyo ina hekima tatu. Kwanza, aombaye msaada hukiri mbele ya watu kwamba ameshindwa, na kukiri huko hakumtii aibu kwa kuwa ni sehemu ya mchezo. Pili, hulipa. Mji ule si wa kweli, lakini kuutoa huuma kidogo, na kile kilichouma hukumbukwa. Tatu, jibu husikiwa na baraza zima, hata aliye mdogo kabisa akalala usiku ule akiwa na kitu kipya. Msaada wa kitendawili una ungamo, una bei, na una ushirika. Mambo hayo matatu ndiyo mizani tutakayoitumia kuupima msaada wa fumbo la gazeti.

Sasa na tuyalete maneno haya mahali petu. Sugoi iko katika Turbo, upande wa magharibi wa Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu. Ni nchi ya mahindi na ya ng'ombe wa maziwa, na wengi wa mbali walilisikia jina lake kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Rais wa tano wa Kenya, William Ruto. Magazeti makubwa ya Kenya hutengenezwa Nairobi, na kutoka huko hadi Eldoret ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Katika vijiji kama hiki nakala moja ya gazeti haina mwenye mmoja. Hununuliwa na mtu, husomwa na mwenye duka, hukaa mezani katika hoteli ya chai, hupita kwa kinyozi, na siku zake za mwisho hufungia sukari au nyama. Mfumbuzi wa kijijini huupata mraba ukiwa umejazwa nusu na mkono asioujua, pengine kwa makosa. Fauka ya hayo, majibu hutolewa katika toleo la kesho, na yeye hana hakika ya kuliona toleo la kesho. Mwenzake wa mjini anunuaye gazeti kila asubuhi huhesabiwa kuwa hodari asiyeomba msaada, kumbe msaada wake huletwa na mchuuzi kila alfajiri. Tusiwalinganishe watu hawa wawili kana kwamba wamesimama penye mstari mmoja.

Iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Mafumbo ya Kiingereza, hata yasomwapo Afrika, hubeba nchi yaliyotoka. Huuliza mito ya Uingereza, vyeo vya kanisa lake, maneno ya mchezo wa kriketi, na majina ya watu waliosifika London miaka mingi iliyopita. Kijana wa kidato cha tatu wa Sugoi aukabilipo mraba kama huo, huweza kufikiri kwamba akili yake ni fupi. Hili ndilo jambo zito katika habari hii yote, maana kijana akisha kuamini hivyo huiweka penseli chini, si kwa siku hiyo tu. Nataka ajue ya kwamba alichokikosa si akili. Amekosa ujirani. Mgeuzie mezani Mwingereza msomi, umpe madokezo haya: "Kinywaji cha maziwa yaliyotiwa mkaa wa mti kibuyuni, herufi 6." "Alishinda mita 1,500 Mexico mwaka 1968, herufi 5." "Mji ulioanzia katika shamba namba 64, herufi 7." Mtoto wa Sugoi ataandika mursik, Keino na Eldoret kabla chai haijapoa, na yule msomi ndiye atakayetafuta mtu wa kumsaidia. Fumbo halipimi akili peke yake. Hupima pia mahali mtungaji alipoketi alipokuwa akitunga. Kwa hiyo kuomba msaada katika jambo la ugenini si kuungama upumbavu. Ni sawa na msafiri kumwuliza mwenyeji kivuko.

Basi na tuipime misaada minne itumiwayo zaidi.

Wa kwanza ni kamusi. Mfumbuzi akiifungua kamusi hajalikimbia fumbo. Amelibeba kwenda nalo mahali penye mwanga. Kamusi haijui dokezo. Haiwezi kumwambia jibu. Yaweza tu kumwonyesha maneno, naye sharti achague. Njiani hukutana na maneno asiyoyatafuta, na mara nyingi hayo ndiyo faida yake kubwa. Anayeitafuta maana ya pili ya paa, akajua kwamba ni sehemu ya nyumba, na ni mnyama wa porini, na ni kuruka juu, na ni kuondoa magamba ya samaki, ametoka na mali kuliko aliyekuja kuitafuta. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981, msaada huu umekuwa karibu na mikono ya shule nyingi. Bei yake ni muda na jasho kidogo. Kwa mizani ya kitendawili, kamusi hupita.

Wa pili ni mwenzio. Katika hoteli ya chai, mmoja husoma madokezo kwa sauti, na wengine hujibu: mstaafu aliyefundisha ajuaye methali, dereva wa lori ajuaye miji, mama muuza mboga ajuaye majina ya majani ambayo hata kamusi haiyajui. Hapa ungamo lipo, maana aulizaye amekwisha kusema kwamba hajui, ushirika upo, na bei ipo pia, kwa kuwa leo wewe waulizwa na kesho ni zamu yako kuuliza. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini msaada huu una hatari yake. Katika kila baraza yuko mmoja mwepesi wa ulimi ambaye hujibu kabla mwingine hajafikiri. Huyo hasaidii, hunyang'anya. Msaidizi mwema hutoa jibu kwa mafungu: kwanza hueleza dokezo lina maana gani, kisha hutaja herufi moja, na neno zima hulitoa mwisho, tena kwa kuombwa.

Wa tatu ni jibu la kesho. Gazeti lenyewe huahidi kusema ukweli baada ya siku moja. Huu ni msaada wa haki kwa kuwa huja baada ya jitihada, wala si kabla yake. Usiku mmoja wa kutojua una kazi kubwa. Neno lililokataa jioni mara nyingi huja lenyewe alfajiri mtu akikamua ng'ombe. Lakini jibu la kesho lina upungufu mmoja: hutoa neno bila sababu. Mfumbuzi huona kwamba namba 12 ni lima, asione kwa nini. Magazeti yetu yangefanya wema mkubwa kama chini ya majibu yangeeleza angalau madokezo mawili magumu ya jana. Mwalimu asahihishaye daftari kwa alama ya mkasi tu, bila neno, hajafundisha.

Wa nne ni mashine ya mfukoni. Siku hizi mtu huandika katika simu yake herufi alizozipata na nafasi zilizo tupu, au huandika dokezo lote, na kabla hajapepesa macho jibu limekuja. Siulaani ufundi huu. Kwa mtu aliye peke yake, asiye na kamusi wala toleo la kesho, waweza kuwa mwenzi. Lakini na tuupime kwa mizani ile ile. Ungamo halipo, kwa kuwa hapana amwonaye akiuliza. Ushirika haupo, kwa kuwa hapana mwingine alisikiaye jibu. Na bei haipo: mashine haiombi mji. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Jibu lisilolipiwa halikai. Mtu hujaza visanduku 20 kwa namna hiyo, hukunja gazeti, na baada ya saa moja hakumbuki hata neno moja kati ya hayo. Mraba umejaa na kichwa ni kile kile. Nguo ya kuazima, walisema wazee, haisitiri.

Yuko atakayenipinga akisema, "Mbona wafanya jambo dogo kuwa kubwa? Hapana mtu aliyekufa kwa kunakili fumbo." Ni kweli. Fumbo halitoi cheti wala mshahara, na mtu akijidanganya ndani yake hamwibii mwingine. Lakini ndiyo maana hasa lafaa kuwa shule. Mwaka 2016 bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya ilivunjwa, baada ya matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 kufutwa kwa udanganyifu. Vijana wale hawakuianza tabia ile siku ya mtihani. Tabia ya kutaka jibu bila njia yake hukua kimya katika mambo madogo, mahali pasipo na msimamizi. Na tabia iliyo kinyume chake, ya kuvumilia kutojua kwa muda, hukua mahali pale pale. Mtihani hukupima kwa ajili ya wengine. Fumbo hukupima kwa ajili yako, na mizani umeishika wewe. Anayeweza kuwa mkweli pale ambapo hapana amtazamaye amekwisha kufaulu somo lisilofundishwa darasani.

Mwingine atanipinga kwa upande wa pili, aseme kwamba shujaa wa kweli hasaidiwi kabisa. Huyo na atazame mfano mmoja. Mwezi wa Januari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji wake kushindana kulimaliza fumbo kwa dakika 12. Kila mmoja alifumbua peke yake. Baadaye baadhi yao waliitwa kwa siri kwenda kufanya kazi ya vita huko Bletchley Park, mahali palipokuwa pakivunjwa mafumbo ya maandishi ya Wajerumani. Lakini kazi ya Bletchley haikuwa ya mtu mmoja. Maelfu ya watu walishirikiana, huyu akipata herufi, yule neno, mwingine maana. Jaribio lilitaka mtu asimame peke yake ili ajulikane ana nini cha kuleta. Kazi yenyewe ilitaka wote waunganishe walivyo navyo. Mambo hayo mawili hayagombani. Anayefika barazani mikono mitupu hana wa kumfaa, na mwenye kitu akakaa nacho peke yake hafiki mbali.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza kwako, msomaji, ni fupi. Jaribu kwanza mpaka utakapoweza kueleza umekwama wapi, maana asiyeweza kueleza alipokwama hajaanza. Omba herufi kabla ya kuomba neno. Ukipewa neno, dai na sababu yake. Na ukisha kupewa, lipa: mwambie mtu mwingine ulichojifunza, au andika neno lile katika daftari lako, au mtegee mdogo wako jioni. Ukifanya hivyo hutapungukiwa hata ukisaidiwa kila siku. Nao watungaji wa mafumbo yetu wana wajibu wao: watunge kwa Kiswahili kilicho hai, waweke mto na ziwa la hapa pamoja na mito ya mbali, waupange mraba kwa kufuata mwendo wa lugha yetu, na wawe wakali bila ya kuwa waongo. Msomaji wa kijijini haombi fumbo jepesi. Aomba fumbo la haki.

Mwisho nakuachia dokezo moja bila jibu lake. "Huangaza nyumbani, huogelea baharini, herufi 3." Nusu ya kwanza yajulikana na kila mtoto wa Sugoi asomaye usiku, nusu ya pili yajulikana zaidi na mvuvi wa Lamu. Kama wewe ni wa bara, mtafute mtu wa pwani umwulize. Kama ni wa pwani, huna udhuru. Na mkishindwa nyote wawili, nipeni mji.